Santuri na Vifungashio Vyake

Mtu akiulizwa ni kitu gani huharibu santuri, aghalabu atataja sindano butu, mikwaruzo, vumbi au mikono ya watoto. Ni nadra kumsikia akilitaja jalada. Jalada limewekwa liwe mlinzi, na mlinzi hashukiwi. Hata hivyo zipo santuri nyingi ambazo hazikuguswa na mtu kwa miaka ishirini au thelathini, zikakaa kabatini kwa amani, na bado zikaharibika; na kilichoziharibu ni bahasha, mfuko au kasha lile lile lililotengenezwa ili kuzihifadhi.

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alinionyesha kasha nene la plastiki lenye santuri mbili za leza, zile ambazo wengi wetu huziita CD. Alilinunua Ulaya alipokuwa masomoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano alikuwa hajalifungua. Ndani ya kasha, juu ya kila CD, watengenezaji walikuwa wameweka kipande chembamba cha sponji ili santuri isitikisike safarini. Sponji hiyo, ambayo hapo awali ilikuwa laini na kavu, ilikuwa imegeuka kuwa ute wa hudhurungi wenye kunata, nao ulikuwa umegandamana na upande wa CD wenye maandishi. Mzee alikuwa amekwisha kumkemea mjukuu wake kwa kudhani kwamba amemwagia soda. Mjukuu hakuwa na hatia. Sponji ilikuwa imejiharibu yenyewe.

Jambo hili si la wapenda muziki peke yao. Sehemu kubwa ya muziki wa pwani yetu, tangu siku zile Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, ilitolewa katika santuri. Nyingi kati ya zilizosalia zimo majumbani mwa watu, katika masanduku na juu ya makabati, wala si katika ghala zenye vipoza hewa. Santuri ya namna hiyo ikiharibika, si kila mara panakuwa na nakala nyingine ya kuikimbilia. Basi inafaa tujue ni kitu gani tumekilaza pamoja nayo.

Sponji inayogeuka ute

Sponji ya makasha ya CD hutengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurethani. Jamaa za plastiki hii tunazo kila mahali: katika magodoro, katika viti vya magari, katika vifuniko laini vya visikilizio vya masikioni, na katika soli za viatu. Msomaji aliyewahi kununua kiatu kizuri cha mtumba, akakivaa mara moja tu, na soli ikameguka njiani kama mkate mkavu, amekwisha kuyaona kwa macho yake mabadiliko tunayoyaeleza hapa. Kiatu kile hakikuchakaa kwa kutembelewa. Kilichakaa kwa kukaa.

Molekuli za plastiki ni minyororo mirefu yenye pingili nyingi. Katika aina moja ya poliyurethani, sehemu za mnyororo huunganishwa kwa kiungo cha esta. Wanafunzi wa Kemia wanafahamu kwamba esta hupatikana kwa kuunganisha asidi na alkoholi, na katika muungano huo maji hutoka. Badiliko hili huweza kurudi nyuma. Esta ikipata maji hukatika, ikawa tena asidi na alkoholi:

R–COO–R′ + H₂O → R–COOH + R′–OH

Badiliko hili huitwa haidrolisisi. Maji yanayohitajika si lazima yamwagike. Unyevu uliomo hewani unatosha. Kila kiungo kinapokatika, mnyororo mrefu huwa mifupi miwili, na plastiki iliyokuwa na nguvu ya kunyumbuka hulegea, hunata, na mwishowe hutiririka. Tena asidi inayozaliwa huharakisha ukataji wa viungo vingine. Katika kasha lililofungwa asidi hiyo haina pa kwenda. Hii ndiyo sababu sponji huweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, kisha ikaporomoka kwa muda mfupi na kumshangaza mwenye mali.

Aina ya pili ya sponji ina viungo vya etha badala ya esta. Hiyo haidhuriki sana kwa maji, lakini hushambuliwa na oksijeni ya hewa, hasa penye mwanga. Yenyewe hainati, hukauka na kupukutika unga. Mtu akifungua kasha akakuta unga wa manjano badala ya ute, na ashukuru, kwa kuwa unga hupulizwa ukaondoka.

Hapa inafaa tukumbuke kanuni ambayo walimu hupenda kuitaja: kwa kukadiria, mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka kasi yake kama mara mbili kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Sponji iliyokaa katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya, na nyingine iliyokaa katika chumba cha nyuzi 30 mjini Tanga, Mombasa au Unguja, hazizeeki kwa kasi moja. Tukiongeza na unyevu wa pwani, tusishangae kwamba kitu kilichobuniwa na watu wa nchi za baridi hakistahimili kwetu.

Upande wa CD ulio dhaifu

Watu wengi huamini kwamba upande wa CD unaong'aa ndio wa kulindwa, na upande wenye maandishi ni wa kushikia tu. Ukweli ni kinyume chake, na kosa hili limegharimu santuri nyingi.

CD ni kisahani chenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Takriban unene wote huo ni plastiki ngumu, angavu, iitwayo polikaboneti. Katika uso wake wa juu pamechapwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, mfano wa dawa ya mbu ya kuzunguka. Mstari huo ungenyooshwa, ungekuwa na urefu wa zaidi ya kilometa 5. Juu ya vishimo hupakwa tabaka la alumini lenye unene usiozidi takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Juu ya alumini hupakwa vanishi, ambayo unene wake hauzidi sana sehemu moja ya mia ya milimita. Na juu ya vanishi huchapwa maandishi. Basi mwanga wa leza hupita chini, katika polikaboneti yote, hugonga alumini, na kurudi.

Kwa hiyo muziki hauko chini penye kung'aa. Uko juu, karibu kabisa na maandishi, na kilichoutenga na dunia ni vanishi nyembamba kuliko unywele. Na ni juu ya vanishi hiyo ndipo sponji ilipolazwa.

Mtu anayeona ute juu ya CD yake hushawishika kuukwangua kwa kucha au kuusugua kwa kitambaa kikavu. Asifanye hivyo. Ute huweza kung'oka pamoja na vanishi na alumini, na palipotoka alumini muziki umekwisha. Hakuna fundi wa kuurudisha. Jambo la kwanza ni kuijaribu CD katika mashine ikiwa uso wake wa juu umekauka na sponji haiwezi kudondokea ndani. Mara nyingi itapiga vizuri, maana mwanga huingia kutoka chini. Ikipiga, na inakiliwe siku hiyo hiyo katika kompyuta kabla ya jaribio lolote la kuisafisha. Baada ya hapo iloweshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni laini, na ute uondolewe polepole kwa pamba iliyolowa. Spiriti kali, petroli, mafuta ya taa, na hasa asetoni ya kufutia rangi ya kucha, zisisogezwe karibu: asetoni huipasua polikaboneti na kuitia ukungu usiofutika.

Kufuta nako kuna utaratibu wake. Kitambaa kipite kutoka katikati kwenda ukingoni, kama mti wa gurudumu la baiskeli ulivyo, wala kisizungushwe. Sababu yake ni nzuri kuifahamu. Muziki wa CD umeandikwa kwa tarakimu, na miongoni mwa tarakimu hizo zimo za ziada, zilizotawanywa kwa hesabu maalumu, zinazoiwezesha mashine kujaza pengo. Pengo la urefu wa milimita 2 hivi katika mstari hujazwa bila msikilizaji kutambua. Mkwaruzo unaokata mstari kwa kukingama huacha mapengo mengi, lakini mafupi. Mkwaruzo unaofuata mzunguko huacha pengo moja refu, na hapo mashine hushindwa.

Kati ya CD mbili za mzee wa Tanga, moja ilisafishika. Ya pili ilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama, ambamo ukiinua CD juani uliona mwanga wa upande wa pili. Ilikuwa imekwisha kukwanguliwa kabla sijafika.

Karatasi na madini ya fedha

Kisa kingine mashuhuri kilitokea katika kiwanda cha CD cha kampuni ya Philips and DuPont Optical, huko Blackburn, katika jimbo la Lancashire nchini Uingereza. CD zilizotengenezwa hapo kati ya mwaka 1988 na 1993 zilianza kubadilika rangi. Ukingo wake uligeuka rangi ya shaba nyeusi, na rangi hiyo ikatambaa kuelekea katikati mwaka hadi mwaka. Mwishowe nyingi zilitoa makelele au zikakataa kabisa kupiga.

Uchunguzi ulionyesha mambo mawili. Vanishi iliyotumika haikuweza kuzuia salfa, na salfa ilitoka katika karatasi za vifungashio na vijitabu vilivyofuatana na CD. Tena, baadhi ya CD hizo zilipakwa madini ya fedha badala ya alumini. Fedha na salfa ni maadui wa zamani. Kila mama mwenye bangili ya fedha anajua kwamba huingia weusi, na aliyewahi kulia yai kwa kijiko cha fedha ameona vivyo hivyo:

4Ag + 2H₂S + O₂ → 2Ag₂S + 2H₂O

Salfaidi ya fedha ni nyeusi. Ikiwa tabaka lake ni jembamba, huonekana ya hudhurungi au ya dhahabu, na hiyo ndiyo rangi walioiona wenye CD. Kwa bangili, weusi ule ni wa kusuguliwa tu ukaondoka. Kwa kioo chenye unene tulioutaja hapo juu, kilichogeuka salfaidi hakirudi. Mwenye CD za miaka hiyo na azitoe katika vijitabu vyake, azitie katika mifuko safi, na kuzinakili mapema. Vivyo hivyo asifunge mafungu ya CD kwa mipira ya kufungia noti, kwa kuwa mpira hutiwa salfa kiwandani ili upate nguvu.

Mifuko inayotoa jasho

Sasa tuzigeukie santuri kubwa nyeusi. Zile za zamani zaidi, zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe. Tangu mwaka 1948, kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa santuri ya muda mrefu ya mizunguko 33⅓, plastiki ya vinili ilichukua nafasi. Vinili ya santuri ni ngumu. Ni jamaa wa plastiki ijulikanayo kama polivinili kloridi, au kwa kifupi PVC, ambayo pia hutumika katika mabomba ya maji.

Lakini PVC hiyo hiyo huweza kufanywa laini kama kitambaa kwa kutiwa vilainishi, yaani vimiminiko vizito ambavyo molekuli zake hujipenyeza katikati ya minyororo na kuiwezesha kuteleza. Katika mifuko laini vilainishi huweza kufikia theluthi moja ya uzito wote. Navyo havikufungwa na kitu. Vimekaa tu humo kama maji yalivyokaa katika sifongo. Ukiweka mfuko wenye vilainishi vingi juu ya santuri isiyo navyo, molekuli zitahama kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Ni mtawanyiko ule ule tunaoufundisha kwa kutumia punje za pamanganeti katika bilauri ya maji, isipokuwa huu huchukua miaka.

Mwalimu asiye na santuri anaweza kuliona jambo hili katika kabati lake la shule. Atafute karatasi iliyotolewa nakala kwa mashine, iliyokaa muda mrefu ndani ya jalada la plastiki laini lenye harufu. Akiitoa ataona maandishi yamehamia kwenye plastiki, yamegeuka nyuma-mbele kama yaonekanavyo katika kioo. Vilainishi vimeulainisha wino mkavu wa mashine hata ukanata.

Katika santuri dalili yake ni utando wa kijivu, wakati mwingine wenye umbo la mikunjo ya mfuko, na msikilizaji husikia mvumo kama wa mafuta yanayokaanga. Tofauti na vumbi, utando huu haufutiki kwa maji, kwa kuwa si uchafu uliokaa juu ya vinili; uso wa vinili wenyewe umebadilika. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara mbaya kuliko zote tulizozitaja, kwa kuwa walioipata ni wale waliojali. Mzembe aliyeacha santuri katika bahasha yake ya karatasi hakudhurika. Aliyekwenda dukani akanunua mifuko mizuri ya kung'aa ndiye aliyeumia.

Bahasha ya karatasi nayo ina kasoro zake, ila ni ndogo. Karatasi duni hubakiwa na lignini ya mti, na nyingi za zamani zilitiwa shabu kiwandani. Vyote viwili huzaa asidi, na karatasi hugeuka manjano na kukatika. Vinili haisumbuliwi sana na asidi hiyo. Husumbuliwa na vumbi la karatasi inayopukutika, na ukungu unaomea katika karatasi yenye unyevu.

Kutambua plastiki iliyo salama

Mifuko inayofaa ni ya polithini au polipropilini. Hizi hazihitaji vilainishi, kwa sababu asili yake ni kunyumbuka. Kuzitambua ni kazi ya darasa zima, wala haina gharama. Kata kipande cha mfuko kiasi cha ukucha, ukitie katika bilauri ya maji yenye tone la sabuni, kisha ukizamishe kwa kijiti ili mapovu ya hewa yatoke. Polithini na polipropilini zina uzito pungufu ya gramu 1 kwa kila sentimita moja ya ujazo, basi zitapanda juu. PVC laini ina takriban gramu 1.2 au zaidi, nayo itazama. Kuzama peke yake si ushahidi kamili, kwa kuwa poliesta, ambayo ni plastiki njema, nayo huzama; lakini kilichoelea hakina haja ya kuogopwa.

Kwa kilichozama kuna jaribio la pili. Hili lifanywe na mwalimu mwenyewe, mahali penye hewa ya kutosha, kwa chembe ndogo tu, maana moshi wake ni sumu. Waya wa shaba uchomwe katika mwali wa taa ya gesi mpaka mwali usiwe na rangi, uguswe kwenye plastiki ukiwa wa moto, kisha urudishwe katika mwali. Rangi ya kijani kibichi ikitokea, plastiki ina klorini, na kwa mfuko laini hiyo karibu daima ni PVC.

Akishatambua, mwenye santuri hana kazi kubwa. Sponji zote zitolewe katika makasha leo, hata zile zinazoonekana nzima. Nafasi yake haihitaji kujazwa na kitu. Mifuko ya PVC itolewe. Jalada lenye picha na maandishi lisitupwe kamwe, kwa kuwa majina ya wapigaji na mwaka wa kurekodiwa mara nyingi hayakuandikwa mahali pengine popote; na litiwe katika mfuko wake peke yake, nyuma ya santuri. Mfuko mpya usibanwe kwa gundi, bali uachwe wazi upande mmoja, ili gesi na unyevu vipate kutoka. Ile plastiki nyembamba iliyobana jalada la santuri mpya nayo ivuliwe, kwa kuwa huendelea kusinyaa na huweza kuipinda santuri. Santuri kubwa zisimamishwe wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua na juu ya sakafu kwa kiasi cha kiganja. Naftalini tunayoweka nguoni isitumike katika kabati hilo: mvuke wake huweza kuilainisha polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya makasha ya CD.

Baada ya hapo inatosha kufungua kila kasha mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, na kunusa. Harufu ya siki, au ile harufu tamu ya plastiki mpya inayotoka katika kitu cha zamani, huja kabla jicho halijaona kitu.